Viti Vitatu Nyuma ya Corolla

Dada yangu Iluminada alijifunza kuendesha gari katika umri ambao wanawake wengi wa Orocovis, mji wetu wa milimani, huwa wameshajizoelea upande wa abiria. Mumewe, Monse, alikuwa amefariki, na Corolla yake ilikaa kwenye banda la nyumba mpaka kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Asubuhi moja Iluminada alitoka na ndoo ya maji, akafukuza kuku, akasugua viti, kisha akaniita. "Chefa, ingia. Leo tunafika Coamo au tunakufa sote."

Tulifika Coamo, mji wa chini ya mlima. Kurudi kulichukua muda, kwa sababu alikataa kukata kona yoyote bila kwanza kupiga honi, na barabara yetu ni kona tupu kutoka juu hadi chini.

Ndivyo alivyo. Alipika katika jiko la shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nusu ya mji huu imekula wali wake wa mbaazi. Ni mfupi, mabega mapana, na ana ile sauti ya kunyoosha mstari wa watoto wenye njaa. Mimi ni mdogo wake, sikuolewa, nimemzidi urefu tu. Baada ya Monse kufa nilihamia kwake, na mpaka leo tunagombania rimoti ya televisheni.

Binti yake wa pekee, Deliris, ni muuguzi na tena ni sajenti katika jeshi la akiba. Mwaka ule aliitwa kwenda ng'ambo na kikosi chake, karibu mwaka mzima. Alikuwa na watoto watatu: Amarilys, mwenye miaka minne na maneno ya mtu wa miaka arobaini, na mapacha Ciro na Celimar, ambao hata kutambaa walikuwa bado. Baba yao alikuwa amehamia mji wa Orlando na kuanza maisha mengine. Mapacha walizaliwa kabla ya wakati, misuli yao ilikuwa mizito kuamka, kwa hiyo kila wiki ilibidi wapelekwe kliniki moja huko Ponce kufanyishwa mazoezi. Na Ponce iko upande wa pili wa milima.

Deliris alikuwa na gari kubwa la familia, lakini gia zake zilikufa muda mfupi kabla hajaondoka. Basi alituletea watoto, nguo, nepi, na viti vyao vitatu vya gari, akavipanga sebuleni kwetu. Siku ya kuaga alimpigia mama yake goti kama alivyokuwa akifanya utotoni, akaomba baraka. Kisha akasema, "Mama, mengine yote utaamua wewe. Naomba kitu kimoja tu. Wasitenganishwe."

Alikuwa ameona kwa wenzake: mtoto mmoja kwa shangazi, mwingine kwa bibi, na mama akirudi anakuta ndugu wanatazamana kama wageni. Iluminada akamjibu, "Mungu akubariki, mwanangu. Nenda kafanye kazi yako. Ukirudi utawakuta kwenye meza moja."

Kesho yake tukaenda bandani kuweka viti kwenye gari. Hapo ndipo tulipojua tumeahidi nini.

Vile viti vilinunuliwa kwa ajili ya gari kubwa. Vilikuwa vipana kama viti vya maaskofu. Tuliweka cha Ciro, tukaweka cha Celimar kando yake, na nafasi iliyobaki isingetosha hata mkoba wangu. Iluminada alikisukumiza cha Amarilys kwa nyonga, kikaingia kikilia, lakini mlango haukufunga. Aliposukuma mlango wa huku, kiti cha kule kilinyanyuka upande mmoja. Na hata pale vilipobanana vyote vitatu, vifungo vya mikanda vilikuwa vimezama chini ya viti, vidole vyangu havikuweza kuvifikia.

Kwenye mtaa wetu mtu hafungui boneti ya gari bila kupata washauri. Haikupita nusu saa banda likawa limejaa wanaume. Don Cheo, mzee wa nyumba ya pili, alishauri tukate plastiki za pembeni kwa msumeno. Mwanawe alikwenda kuleta kamba. Mwingine, ambaye nitamficha jina kwa heshima ya mkewe, alisema tatizo ni dogo: mtoto mkubwa apakatwe na Chefa hapo mbele, si ana miguu mirefu.

Nikakubaliana naye. Nilisema sisi wenyewe tulikua tukipanda nyuma ya lori la kahawa, juu ya magunia, na hakuna aliyetufunga mkanda.

Iluminada hakuinua sauti. "Na Toñín je?" aliniuliza.

Toñín alikuwa kaka yetu. Alikuwa juu ya magunia yale pamoja nasi siku lori lilipokata kona kwa kasi karibu na daraja. Tulishuka nyumbani bila yeye. Mimi huwa simtaji, na nilikuwa nimezoea kusimulia habari za lori lile kana kwamba zilikuwa raha tupu. Nilikwenda ndani nikawatengenezea watu kahawa.

Jumapili alikuja Doña Providencia, mama wa yule baba wa watoto aliyehamia Orlando. Anaishi Ponce, ana nyumba nzuri yenye kiyoyozi, na nywele zake hata upepo wa mlimani hauzigusi. Tusimsingizie, anawapenda wajukuu zake. Alikula chakula akasifia, akawapakata mapacha, kisha akatoka kuona gari. Akazunguka. Akaangalia vile viti vilivyobanana na mlango uliogoma kufunga.

"Mkwe," alisema kwa upole, "usijitese. Mimi nitamchukua Amarilys. Wewe baki na hawa wadogo. Gari lenyewe limeshakwambia."

"Gari halijaniambia kitu."

"Limekwambia hawaenei."

Iluminada alimjibu kuwa wangeenea, na kwamba angemshukuru akimpa muda. Doña Providencia akasema haya, ila hamna haja ya mtoto kuteseka kwa sababu ya kiburi cha bibi. Neno lile lilimwingia dada yangu mpaka mfupani, kwa sababu lilisemwa Amarilys akiwa amesimama mlangoni na mwanasesere wake. Usiku ule wakati wa kulala yule mtoto aliniuliza kama Ponce kuna kuku. Nikamwambia nadhani hakuna. Akauliza tena kama mtu anaweza kwenda Ponce na kuku wake.

Jumatatu Iluminada aliamua kufanya jambo ambalo halimtoki kirahisi, yaani kuomba msaada. Pale kwenye kituo chetu cha zimamoto wanakagua viti vya watoto, na anayeshughulika navyo ni sajenti mmoja anayeitwa Marrero, ambaye utotoni alikula wali wa Iluminada shuleni, mwenye masharubu na tumbo la kutulia. Tulifika na viti viwili vya mapacha pembeni upande mmoja na cha Amarilys upande wa pili, mlango umefungwa kwa nguvu za Don Cheo. Iluminada alikuwa na hakika tumefaulu.

Marrero alimwamkia vizuri, akaomba ruhusa, akaingiza mkono. Alishika kila kiti pale mkanda unapopita, akatikisa. Cha Ciro kilicheza kushoto na kulia kama jino linalotaka kung'oka.

"Doña Iluminada, hiki siwezi kukipitisha."

"Kimebana mno, wewe. Ebu tazama, hakuna hata pa kupitisha karatasi."

"Kimebanwa na vyenzake. Hakijafungwa na gari," alisema Marrero. "Gari likigonga, jirani hamshiki jirani. Kila kimoja lazima kisimame chenyewe, hata ukivitoa vile vingine."

Akamweleza bila haraka. Kiti kikishafungwa kisiende huku na huku zaidi ya inchi moja. Mapacha lazima watazame nyuma, kwa sababu shingo zao bado changa. Amarilys alikuwa ameshatimiza uzito wa kutazama mbele, na kiti chake kilihitaji ule mkanda wa juu unaonasa nyuma ya kiti cha gari. Na zile ndoano za chini za kunasia kiti kwenye gari, ambazo sisi tulikuwa tumezing'ang'ania, hazikuwa lazima. Unaweza kutumia mkanda wa kawaida wa gari, na mkanda unakupa uhuru wa kukisogeza kiti kidogo. Aliyasema yote kwa heshima, lakini hakumpitisha. Iluminada alimshukuru, akaingia garini, akaendesha hadi nyumbani bila kupiga honi hata kwenye kona moja. Nilijua basi kwamba ameumia.

Siku iliyofuata mapacha hawakwenda kliniki. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Asubuhi ile Iluminada alitoa viti vyote, akaviweka chini kwenye saruji ya banda, akavuta kigoda akakaa akivitazama. Washauri walipoanza kukusanyika aliwaambia leo hakuna kahawa, nao wakatawanyika. Akavizungusha. Akavipanga vyote vikitazama mbele, akavipanga vyote vikitazama nyuma. Akaniita.

"Chefa, unakumbuka trei za pale shuleni? Zile zenye upande mmoja mpana?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nikimsaidia siku za sikukuu. Trei zilikuwa pana huku na nyembamba kule, na katika oveni yetu ndogo zisingeingia kama zote zimeelekea upande mmoja. Ungetia moja hivi, na jirani yake ukaigeuza.

Kiti kinachotazama mbele ni kipana juu mabegani, karibu na mgongo wa kiti cha gari. Kinachotazama nyuma, upana wake uko upande wa mbele, kuelekea kwa dereva. Sisi tulikuwa tumewaweka mapacha pamoja, upana kwa upana, wakagombana. Iluminada alichukua kiti cha Amarilys akakitia katikati, vya mapacha akavipeleka milangoni, kimoja huku kimoja kule. Viti vikaingiana.

Sitasema kilikuwa kitu cha mara moja. Cha Celimar bado kilikuwa kinene chini, kikifunika kifungo cha katikati. Alimpigia simu mpwa wetu wa Barranquitas, ambaye mwanawe alikuwa amekua akakiacha kiti chembamba, tena kisichowahi kupata ajali na ambacho muda wake wa kutumika haujaisha. Maswali hayo yote aliyauliza kama polisi. Wakabadilishana. Kisha tukaanza kufunga. Mimi nilipiga goti ndani ya kiti kwa uzito wangu wote, yeye akavuta mkanda, amesimamisha mguu mmoja kwenye kizingiti cha mlango, jasho likimtoka mpaka kwenye miwani.

"Kandamiza, Chefa!"

"Nimekandamiza."

"Umekaa tu. Kandamiza kama unataka kukivunja."

Tulianza na cha katikati, kwa kuwa baadaye mikono isingepata nafasi. Tukaenda pembeni. Kila kimoja tulipokimaliza tulikitikisa, kikigoma kutulia tunafungua tunaanza upya. Amarilys alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiangalia. Mwishowe Iluminada akambeba, akampandisha pale katikati, akamfunga. Mtoto akatazama kulia, akatazama kushoto, kwenye vile viti viwili vilivyomgeukia.

"Bibi, kwa hiyo hawa watakuwa wananitazama mimi?"

"Wewe tu. Hawana mwingine wa kumtazama."

"Basi itabidi niwasimulie," alisema, na uso wake ukakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kule kituoni Marrero alitikisa vyote vitatu. Akarudia cha kushoto. Akaingia kwa magoti, akavuta mkanda wa juu wa Amarilys, akachungulia chini, akatoka. Akawaita wenzake wawili waliokuwa wakiosha lori la maji, akawaambia waje watazame. Nao wakatikisa. Iluminada alisimama kando, mikono kifuani, akijifanya anaangalia mlima.

"Nani amekufungia?" aliuliza mmoja.

"Huyu hapa goti," akasema dada yangu akininyooshea kidole, kisha akajigusa kifuani, "na huyu hapa mkono."

Tokea hapo tulikwenda Ponce kila wiki. Sikwambii ilikuwa starehe. Viti vinavyotazama nyuma vinasukuma viti vya mbele, kwa hiyo mimi na miguu yangu nilisafiri magoti yakiwa kidevuni, mkoba wa nepi mapajani na kigari cha watoto kikigonga ndani ya buti. Ciro alitapika katika kona ileile kila safari, tukawa tunajiandaa na taulo kabla ya kuifikia. Lakini huko nyuma Amarilys alikuwa na hadhira yake. Aliwasimulia habari za kuku, za mama yao ambaye kwa maelezo yake alikuwa ameshakuwa mkubwa wa jeshi zima, na chuchu ya plastiki ikianguka alinyoosha mkono akaiokota, akaifuta kwenye gauni lake, akairudisha mdomoni kwa mwenyewe. Celimar alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya gari lile, tukishuka kuelekea Coamo. Iluminada alisimamisha gari kando ya barabara ili aisikilize vizuri.

Kliniki walitujua. Wanawake wengine walikuwa wakitoka hadi kwenye maegesho kuchungulia dirishani, na dada yangu aliwafungulia mlango kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Akina mama wawili walimwomba awatazamie viti vyao, akawatikisia, akawaambia ukweli. Mmoja alinuna, mwingine alipiga goti palepale akaanza upya.

Siku moja tulipotoka ndani tulimkuta Doña Providencia anasubiri kivulini. Alikuwa amekuja, alisema, ili ampumzishe Iluminada. Alikuwa ameshapaka rangi chumba. Amarilys aliposikia hivyo alijificha nyuma yangu.

Iluminada hakubishana. Alimwambia, "Mkwe, nisubiri niwapakie, halafu tuongee." Akafungua mlango. Akamwingiza Amarilys kwanza, akamfunga, akapitisha vidole viwili begani kuona mkanda haujalegea. Akazunguka akamweka Ciro. Akazunguka tena akamweka Celimar. Hakuna aliyelia. Amarilys alikuwa ameshawaanzia hadithi kabla mlango haujafungwa, na wale wadogo wawili walikuwa wamemkazia macho, miguu yao ikirukaruka.

Doña Providencia alisogea mlangoni. Alishika kiti cha Ciro, akakitikisa kama alivyowaona wengine wakifanya. Hakikwenda popote. Mkono wake ulibaki pale juu.

"Nilidhani unabisha tu," alisema.

"Nilikuwa nabisha," Iluminada akamjibu. "Na hawa wameenea."

Yule mama alifuta macho kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu asiharibu wanja. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: kama angenunua viti vya kwake, Iluminada angekubali kumfundisha kuvifunga katika gari lake, ili siku nyingine wote watatu waje kwake pamoja, mwisho wa juma. Wote watatu, alirudia. Dada yangu alimtazama viatu vyake vyenye visigino.

"Nitakufundisha. Lakini uje na suruali, maana utapiga goti."

Alikuja na suruali. Sijui aliipata wapi, ilikuwa na lebo bado. Walifanya kazi bandani kwetu asubuhi nzima, wakibishana kama waliozaliwa tumbo moja, na Doña Providencia alikatika kucha akatukana tusi la kiume lililomfanya Don Cheo avue kofia.

Marrero naye alikuwa hajamsahau. Walipoandaa mafunzo ya wakaguzi wa viti kituoni alimwalika, na Iluminada alikaa katika darasa la vijana wa zimamoto, mkubwa kuliko mwalimu. Mara ya kwanza alishindwa mtihani, akakasirika siku mbili, akarudi akafaulu. Cheti chake kiko sebuleni karibu na picha ya Monse. Ukiingia nyumbani kwetu utaonyeshwa kabla hujapewa kiti.

Deliris alirudi kabla ya Krismasi. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, sisi na Corolla yetu, na Doña Providencia nyuma na gari lake. Mapacha walikuwa wameshaanza kutembea. Deliris alitoka mlangoni akiwa na sare na mfuko mgongoni, na Amarilys akamkimbilia akiwavuta wadogo zake kwa mikono, mmoja huku mmoja kule, mpaka Ciro akaanguka na kuburutwa kidogo. Mama yao aliketi chini palepale sakafuni, akawakumbatia wote kwa mpigo. Watu walipita kando yao. Iluminada alibaki amesimama na mkoba wake. Baadaye Deliris alipoinuka na kuomba baraka, dada yangu aliweza kusema tu, "Mungu akubariki."

Kwenye maegesho tuligundua kwamba hatuenei. Viti vitatu nyuma, dereva, na abiria mmoja. Nilijitolea kuhamia gari la Doña Providencia, lakini Iluminada alikuwa ameshamkabidhi Deliris ufunguo. Alisema mtu akae mbele na mama wa watoto amwonyeshe ile kona ya Ciro ya kutapikia, na mtu huyo ni Chefa, kwa kuwa magoti yake yameshazoea.

Deliris aliwafunga watoto wake mwenyewe. Iluminada alisimama pembeni, mikono nyuma, akijizuia. Alijizuia mpaka Deliris alipofunga mlango wa mwisho; kisha akaufungua, akatikisa kiti cha Celimar, akapitisha vidole viwili begani, akaufunga tena.

"Vizuri," alimwambia binti yake. Sijawahi kusikia neno moja likisemwa kwa fahari namna ile, na sikujua ni fahari ya binti au ya viti.

Yaliyotokea katika gari la nyuma nilisimuliwa na Doña Providencia. Anasema njia nzima ya kupanda milima, dada yangu hakuegemea kiti hata mara moja. Alikaa mbele kabisa, mkono juu ya dashibodi, macho kwenye kioo cha nyuma cha Corolla ambamo nywele za mapacha zilikuwa zikionekana, huku kidogo na kule kidogo, na kati yao mkono wa Amarilys ukipanda na kushuka kwa sababu ya hadithi. Na kila baada ya kona alikuwa akisema, "Usimkaribie sana, mkwe. Waache na nafasi."